Siku ya Tatu Kwa Muhindi

Inspekta Edinah Chepyegon alitoka ofisi ya upelelezi Kericho akiwa na hasira ya kawaida, ile ya mtu aliyekabidhiwa kesi ambayo wengine wamekwisha kuivuruga. Alipofika kituo cha polisi cha Kaptulwet, hasira hiyo ilipata chakula.

"Kesi imeisha, madam," mkuu wa kituo, Atuti, alimwambia hata kabla hajaketi. Alikuwa ameegemea kiti chake kwa raha zote. Mbele yake, ndani ya mfuko wa vielelezo, palikuwa na aproni nyeupe yenye madoa makubwa mekundu kifuani. "Hiyo ni damu. Tuliipata kwa nyumba yake, imelowekwa kwa beseni na sabuni. Alikuwa anaficha. Kesho nampeleka kortini."

"Damu ya nani?"

"Ya msichana wake. Ya nani tena?"

"Imepimwa?"

Atuti akacheka. "Madam, nimekuwa polisi miaka mingi. Damu naijua."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne asubuhi, wateja wakiwa hawajafika, mtu aliingia katika kibanda cha bajia sokoni, akampiga msichana aitwaye Tabby kisogoni kwa kitu kizito. Karai la mafuta yaliyokuwa jikoni yakichemka likapinduka na kummwagikia kifuani na mikononi. Mamake, Nyathira, ndiye mwenye kibanda. Alisema alikuwa ameenda kuchota maji, akarudi akamkuta mtoto sakafuni. Lakini majirani walikuwa wamewasikia wawili hao wakizozana Jumatatu, Tabby akitaka kwenda kutafuta kazi Nairobi, mama akikataa katakata. Basi. Kwa mzozo mmoja na aproni moja, Atuti alimtia mama korokoroni, na mtoto akakimbizwa hospitali Nakuru peke yake.

"Kwa hivyo mama alimwaga mafuta yake mwenyewe," Edinah alisema polepole, "akamuunguza mtoto wake mwenyewe, akaenda nyumbani kuloweka aproni, halafu akarudi sokoni kupiga nduru?"

"Wamama wakikasirika, madam..."

"Mimi nimekasirika sasa hivi, na sijamwaga kitu."

Atuti hakucheka safari hii. Edinah alimwomba amruhusu Nyathira aende Nakuru chini ya ulinzi wa askari wawili, akamwone mtoto, kisha arudishwe. Atuti akatikisa kichwa.

"Hapa mkubwa ni mimi. Watu wa soko wako na moto, wanataka haki. Niletee mtu mwingine mahali pake, nitafungua huo mlango saa hiyo hiyo."

"Nitakukumbusha maneno hayo," Edinah alisema, akaenda seli.

Nyathira alikuwa amesimama, mgongo ukutani, kitambaa cha kichwa kimemlegea. Macho yalikuwa yamevimba lakini hakuwa akilia. Edinah alimwamkia, akajitambulisha, akamuuliza kama alikuwa na adui sokoni.

"Tabby anaendeleaje?" mama akauliza.

"Nimeambiwa bado hajaamka."

"Nani yuko na yeye?"

Edinah akamuuliza kuhusu aproni. Nyathira akageuza uso.

"Hayo yote niliwaambia siku ya kwanza, wakanicheka. Nipeleke kwa mtoto wangu, madam, nitakujibu kila kitu huko barabarani. Lakini hapa ndani sisemi tena. Mdomo yangu nimeifunga."

Ndivyo watu wanavyofungwa maisha, Edinah aliwaza akitoka nje. Anayesema huchekwa, na akinyamaza wanasema anaficha. Akamwita Konstebo Kipsang, kijana mpole aliyekuwa zamu ya kaunta, akamwambia ampe namba yake ya simu mtu yeyote atakayepiga kutoka Nakuru. Kipsang akaitikia. Edinah akavuka barabara kwa miguu, akaingia sokoni.

Mwenyekiti wa kamati ya soko hakuwa mgumu kupatikana. Antony Kiptanui alikuwa na bucha, na mbele ya bucha hiyo palikuwa na wanaume kadhaa wakimsikiliza akihubiri huku akikatakata mguu wa ng'ombe. Hubiri lake lilikuwa moja: mama aliyemwaga mafuta kwa mtoto hana nafasi katika soko la watu wanaomcha Mungu.

"Chamgei," Edinah alimwamkia.

"Chamgei mising, madam!" Kiptanui aliangaza uso. Alikuwa pande la mtu, shingo nene, sauti ya kumtosha chifu. "Karibu. Hata sisi tumekuwa tukiomba Kericho walete mtu. Huyo msichana alikuwa kama mtoto wetu."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi, mwenyekiti?"

Swali lilikuja mapema kuliko alivyotarajia. Shoka likasimama hewani, kisha likashuka. "Mulot. Nilienda kuangalia ng'ombe. Kurudi ndiyo napata watu wamejaa hapa."

"Ulinunua?"

"Bei ilikuwa mbaya."

"Kwa hivyo hukuuziwa ng'ombe na hakuna aliyekuona."

Wanaume wakaguna. Kiptanui akacheka, kicheko cha mtu anayetaka wengine wacheke naye. "Mulot ni kubwa, madam. Nani anaangalia mtu?"

"Na hapo kwa Nyathira huwa unakula?"

"Mimi?" Akatema mate kando. "Chakula ya Wahindi siweki kwa mdomo. Hata kusimama kwa hiyo kibanda sijawahi simama. Uliza hawa."

Waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa. Edinah aliwatazama, kisha akamtazama yeye. Mambo mawili aliyaona na kuyaweka akilini bila kujua atayafanyia nini. Kwanza, Kiptanui alikuwa akikata nyama kwa mkono wa kushoto, tena vibaya, mfupa unamshinda, ilhali kalamu ilikuwa imechomekwa nyuma ya sikio la kulia. Pili lilikuwa koti lake jeupe la bucha. Lilikuwa jipya, na kila bucha ya Kaptulwet ilikuwa na moja kama hilo.

"Afisa wa afya aliwaletea?" akauliza, akiligusa kwa kidole.

"Jumatatu jioni. Amesema akipata mtu anauza nyama bila hii, anafunga bucha. Basi tunavaa tu."

Mbele ya koti palikuwa na matone ya damu yaliyokauka, rangi ya kutu. Mkono wa kulia wa koti, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa na doa moja pana, jekundu.

"Na hii?"

"Damu ya ng'ombe, madam," Kiptanui alisema, akiuvuta mkono nyuma. "Bibi yangu amefua na sabuni mpaka amechoka. Kwani hujawahi kuingia bucha?"

Wanaume wakacheka. Edinah akaaga. Mtu akichekwa mara mbili kwa asubuhi moja huanza kuona njaa, na harufu ya bajia ilikuwa ikimwita kutoka upande wa barabara.

Kibanda hicho kiliitwa Kwa Muhindi, ingawa hapakuwa na Mhindi aliyesimama hapo tangu Edinah akiwa shule ya msingi. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa ndiye aliyekianzisha, akamfundisha mamake Nyathira kupika, kisha familia yake ikahamia ng'ambo na jina likabaki. Watu wa Bomet walipopita kwenda Kericho walisimama hapo. Wachuma majani ya chai walipopata malipo walisimama hapo. Kulikuwa na bajia za viazi, kachori za dengu, na chatini ya ukwaju iliyowatoa watu kamasi. Siku ya kawaida, mtu angepanga foleni hadi kwa fundi viatu.

Leo walikuwepo wateja watatu tu, na wote walikula wakiangalia chini. Kando ya jiko alisimama Kuria, kaka yake Nyathira, mwanamume mkavu mwenye uso wa ugomvi. Alichovya vipande vya viazi katika rojo la manjano na kuvitia kwenye mafuta kimoja kimoja.

"Bajia za damu!" mtu akapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, akakimbia.

Kuria hata hakuinua macho. "Unakula ama unapeleleza?" akamuuliza Edinah.

"Nitakula nikipeleleza."

"Basi lipa kama wengine."

Edinah akalipa. Akapewa bajia katika karatasi, chatini kando, na nusu ya ndimu juu yake. Alikamua ndimu hiyo, akauma bajia ya kwanza, na kwa muda mfupi alisahau alikuwa na hasira na nani. Kisha akakumbuka.

"Dada yako yuko ndani, mpwa wako yuko hospitali," akasema. "Wewe unapika. Watu wanakusema vibaya, Kuria."

"Waseme!" Kuria aligonga kijiko cha matundu kwenye ukingo wa karai. "Unajua ni kwa nini napika? Nilitaka kuenda Nakuru juzi. Dada akaniambia kupitia kwa dirisha ya seli: usiende, washa moto. Hii soko iko na sheria yake. Kibanda ikilala siku tatu bila moto, kamati inapatia mtu mwingine. Haijaandikwa mahali, lakini kila mtu anaijua. Leo ni ya tatu. Nikizima hii jiko, tukirudi tunapata mlango umepigwa misumari."

"Wangempa nani?"

Kuria akaelekeza kidole gumba nyuma yake, kwenye ukuta wa mabati. "Sikiza."

Edinah akasikiliza. Nyuma ya mabati, shoka lilikuwa likigonga mfupa.

"Ni bucha ya mwenyekiti. Yeye yuko nyuma, sisi tunaangalia barabara. Anataka kutoboa hii ukuta afungue hoteli ya nyama choma. Ameomba dada mpaka ameanza kutisha. Hata Jumapili, baada ya kanisa, alisimama hapo ulipo akamwambia moto wako utazima, utaona."

"Hapa nilipo?"

"Hapo hapo."

Sijawahi simama, Kiptanui alikuwa amesema. Lakini Kuria ni ndugu wa mshukiwa, na neno lake mbele ya Atuti lingekuwa upepo tu. Edinah akaomba kuonyeshwa lilipokuwa beseni la rojo siku ile. Kuria akamwonyesha: hapa beseni, hapa karai, hapa Tabby alianguka. Mtu aliyesimama kati ya vitu hivyo viwili asingeweza kukipindua kimoja bila kuguswa na kingine. Edinah akainama aone vizuri, na Kuria, ambaye hakuwa na subira na mtu wa serikali, akaendelea kuchovya viazi. Rojo likamrukia inspekta kwenye mkono wa shati lake jeupe.

"Pole," Kuria alisema bila pole yoyote. "Maji iko kwa mtungi."

Nje palikuwa na mtungi wenye mfereji, na kipande cha sabuni ya mche kikining'inia ndani ya soksi. Edinah alilowesha doa lile la njano, akalisugua kwa sabuni huku akimlaani Kuria kimoyomoyo. Akasugua tena. Kisha akaacha.

Doa lilikuwa limegeuka jekundu.

Aliutazama mkono wake kama si wake. Akasugua zaidi, wekundu ukakolea. Sasa lilikuwa doa ambalo mtu yeyote, hata aliyekuwa polisi miaka mingi, angeapa ni damu. Haraka haraka akajaribu kulifuta kwa vidole vilivyokuwa bado vimelowa maji ya ndimu. Mahali vidole vilipopita, wekundu ukakimbia na njano ikarudi.

"Kuria!" aliita. "Hii ni nini?"

Kuria alichungulia. "Si ni manjano, bizari ya rojo? Ikipata sabuni inakuwa hivyo. Aproni zetu zote ziko hivyo. Dada aliwaambia. Huyo mkubwa wenu akacheka mpaka akakohoa."

Hasira iliyompanda Edinah ilianzia miguuni. Alimkasirikia Atuti, aliyemfungia mama kwa sababu ya kiungo cha mboga. Alijikasirikia mwenyewe pia, maana asubuhi ile alikuwa ameitazama aproni ile ile akauliza ni damu ya nani, wala hakuuliza kama ni damu. Halafu akakumbuka doa la pili. Damu ya ng'ombe kwenye koti la Kiptanui ilikuwa imekauka ikawa kutu, lakini doa la mkononi lilikuwa jekundu vile vile. Mke wake alikuwa amelifua kwa sabuni mpaka akachoka.

Akachukua nusu ya ndimu kwenye sahani ya Kuria. Akampigia Kipsang kwenye simu yake ya mkononi, akamwambia aje bucha ya mwenyekiti na pingu, na asimwambie mtu.

Kiptanui alikuwa bado anahubiri. Alipomwona Edinah akirudi, akafungua mikono. "Madam! Umekuja kuchukua nyama?"

"Nimekuja kuangalia hiyo koti tena. Nyosha mkono wa kulia."

"Nimekuambia ni damu."

"Na mimi nimekusikia. Nyosha."

Watu walikuwa wakitazama, na mwenyekiti hawezi kuonekana akiogopa mwanamke mbele ya watu wake. Akaunyosha, anatabasamu. Edinah akaushika kwa chini, akaifinya ndimu juu ya lile doa kwa nguvu zake zote.

Yalitokea mambo mawili kwa pamoja. Doa likageuka njano mbele ya macho ya wote, njano ya bajia. Na Kiptanui, pande la mtu, akapiga yowe lililowashtua hata kuku chini ya meza.

"Damu ya ng'ombe haibadiliki rangi," Edinah alisema. "Na ndimu haichomi mtu mzima. Kunja huo mkono wa koti."

"Madam, tuongee kando..."

"Kunja!"

Hakukunja. Kipsang, aliyekuwa ametokea nyuma yake, ndiye aliyemshika na kukunja. Chini ya koti palikuwa na kitambaa kilicholoa, na chini ya kitambaa ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge na kuchunika, kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko. Mafuta ya moto yalikuwa yamemwandikia mahali alipokuwa Jumanne. Hakuna mwanamume aliyecheka. Mmoja wao, mzee wa kanisa, alivua kofia akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Hujawahi simama kwa hiyo kibanda," Edinah alimwambia. "Wote wamekusikia."

"Sikutaka kumuumiza!" Kiptanui alibubujika, jasho linamtiririka. "Nilitaka tu kuzima jiko. Nimwage rojo, nimwage mafuta, wakose kupika siku tatu. Msichana akatokea, akanishika koti, akaanza kupiga nduru. Nilichukua kuni nikamgonga kidogo tu..."

"Kidogo."

"Karai ikaanguka yenyewe, madam. Naapa."

"Halafu ukaja hapa kuomba haki yake." Sauti ya Edinah ilikuwa imetulia, na waliomjua wangejua hapo ndipo pa kumwogopa. "Ukamwita mtoto wenu. Ukaacha mamake alale kwa saruji, wewe ukiuza matumbo. Kipsang, mfunge. Huo mkono wenye kidonda uufunge vizuri, usimwumize. Sisi si kama yeye."

Walimpitisha katikati ya soko. Kuria alitoka nje ya kibanda, kijiko mkononi, akamtazama mwenyekiti akipita. Akarudi ndani kugeuza bajia zisiungue.

Njiani Edinah aliona Kipsang akimtazama mara kwa mara, kisha akiinamisha macho.

"Una nini?"

"Madam, nilitaka kukuambia. Nilikuwa nakuja hivi, nikasema tumalize kwanza."

"Sema."

"Nakuru walipiga. Walipiga ukiwa umetoka tu. Msichana ameamka." Kijana alipunguza mwendo. "Muuguzi alisema anaita mamake, waongee hata kwa simu. Nilipeleka simu kwa mkubwa ili apatie mama. Akasema mshukiwa haruhusiwi simu. Akakata."

"Na namba yangu?"

"Alichukua simu, madam. Akaweka kwa droo."

Edinah aliongeza mwendo. Alimwacha Kipsang na mfungwa wake mlangoni, akaingia ofisini kwa Atuti bila kubisha. Mkuu wa kituo alikuwa amesimama dirishani, simu ya kaunta mkononi, na ile raha yake ya asubuhi ilikuwa imemtoka yote.

"Mtu wako yuko nje," Edinah alisema. "Amekiri. Hiyo damu yako ni manjano. Fungua mlango, nampeleka mama Nakuru sasa hivi kwa gari langu."

Atuti hakusogea.

"Fungua, Atuti. Ni maneno yako."

"Wamepiga tena," Atuti alisema. Sauti yake haikuwa tena ile ya majigambo. "Dakika kidogo zimepita. Msichana... wanasema walijaribu, lakini ameenda. Alikuwa anauliza mamake mpaka mwisho. Madam, mimi singejua. Mimi nilifuata utaratibu."

Nje, Kiptanui alikuwa akiomba maji. Edinah alisikia sauti hiyo kwa mbali. Alitaka kumpiga Atuti kofi, na mkono ulikwisha kuinuka, akaushusha. Alichukua bunda la funguo kwenye msumari, akauchukua mkono wa Atuti, akamwekea funguo hizo kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

"Utamwambia wewe," alisema.

"Madam, tafadhali. Nyinyi wamama mnajua kuongea na..."

"Wewe. Kwa mdomo huo huo. Utamwambia mtoto wake aliamka. Utamwambia alimwita, na utamwambia simu ilikuwa mkononi mwa nani. Ukiruka neno moja, nitakurudisha mwanzo."

Atuti alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia, lakini hakuona ila Kipsang mlangoni, na Kipsang alikuwa amemgeuzia mgongo. Akaanza kutembea kuelekea seli. Edinah alimfuata nyuma akiwa karibu kiasi cha kumkanyaga visigino. Ufunguo wa kwanza haukuingia kwenye kufuli, akajaribu wa pili. Ndani, Nyathira alisikia mlio wa chuma, akaanza kufunga kitambaa chake kichwani na kutafuta viatu, maana alijua mlango huo ukifunguliwa mchana ni mtu anatoka.

"Asanteni," alisema akiwa ameinama, kabla hata hajaona nyuso zao. "Asanteni sana. Mungu awabariki."